Muulize Fundi wa Reli: Mchongoko wa kwanza ulitumia mafuta gani?

Tangu mchongoko, treni yetu ya umeme yenye pua iliyochongoka, uanze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Novemba 2024, barua nyingi zinazonifikia zinauliza kuhusu pua yake. Mwezi huu nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa inagusa kazi niliyoifanya karakanani mpaka nikastaafu: injini ya dizeli na mabehewa yanayoitegemea.

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia ametuambia kuwa treni zilizochongwa pua ili zikate upepo zilianza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Rafiki yangu anabisha. Anasema enzi hizo kulikuwa na treni za makaa tu, na umeme wa kuendeshea treni ndefu haukuwepo. Nani mkweli? Na kama zilikuwepo, zilitumia nini?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema kweli, na ninafurahi kwamba mnabishana juu ya mambo kama haya.

Tarehe 15 Mei 1933 Wajerumani walianza kupakia abiria kwenye treni ya mabehewa mawili kati ya Berlin na Hamburg, iliyokuja kujulikana kwa jina la Fliegender Hamburger. Safari ya kilomita 286 iliimaliza kwa dakika 138. Piga hesabu: ni wastani wa kilomita 124 kwa saa, ukihesabu kuondoka, kupunguza mwendo kwenye kona na kusimama. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 160 kwa saa. Ndiyo hiyo hiyo 160 tunayoisikia ikitajwa leo kwa mchongoko wetu.

Haikutumia makaa, wala haikuwa na waya wa umeme juu yake. Ilibeba injini mbili za dizeli za Maybach, kila moja silinda 12 na nguvu ya farasi 410. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizoshika ekseli. Mpangilio huo ndio niliokutana nao kwenye vichwa vingi vya dizeli vilivyopita mikononi mwangu. Kwa hiyo rafiki yako amekosea kuhusu makaa, ila kuhusu umeme ana hoja nusu: magurudumu yale yalizungushwa na umeme, lakini umeme huo ulizalishwa ndani ya treni yenyewe kwa dizeli.

Sasa nikuombe jambo moja. Watu wote wakitazama picha za treni hizi wanaanza na pua. Wewe anza na injini, halafu uzito, na pua iwe ya mwisho. Ukifuata mpangilio huo utaelewa kwa nini pua ilichongwa.

Aliyepanda bodaboda anaujua upepo. Kwa mwendo mdogo unaburudisha. Dereva akikaza, unakusukuma kifuani. Fizikia yake ni kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Na injini, ili iushinde upepo huo kwa mwendo huo mpya, inatakiwa itoe nguvu mara nane. Treni inayokwenda 80 haina haja ya kujali sana upepo. Ikitaka 160, upepo unakuwa adui wake mkubwa kuliko hata msuguano wa magurudumu.

Kichwa kikubwa cha mvuke cha miaka ile kilitoa nguvu ya farasi maelfu. Kingeweza kupambana na upepo kwa ubabe, mradi kuna makaa na maji ya kutosha. Injini ya dizeli ya kuingia kwenye behewa haikuwa na ubabe huo. Injini za dizeli zilizozoeleka zilikuwa za meli na za viwandani, nzito mno kubebwa juu ya reli kwa kasi. Zile nyepesi zilizoanza kupatikana ziliishia nguvu ya farasi 400, 500, 600 hivi. Ukitaka kwenda 160 kwa nguvu hiyo ndogo, una njia moja tu: punguza uzito wa treni, punguza upepo, na usiache hata kimoja. Umbo lile lilikuwa sharti la injini. Mtu anayesema walichonga pua kwa ajili ya kupendeza anasema robo ya habari.

Na upepo hauishii puani. Mkia ukiwa umekatwa wima, hewa inashindwa kujaza nafasi nyuma ya treni kwa utaratibu, na treni inavutwa nyuma. Chini ya behewa kuna matangi, mabomba, breki na waya, na kila kimoja kinakamata hewa. Kati ya behewa na behewa kuna pengo. Treni za miaka ya 1930 zilizochongwa kwa akili zilifunika yote hayo: sketi za bati pembeni hadi karibu na reli, mpira au bati laini kwenye maungio, vishikio vya milango vilivyozama ndani, madirisha yaliyolingana na ukuta, na mkia uliochongoka taratibu. Ukitaka kujua kama umbo la treni ni la kweli au la maonyesho, inama utazame chini yake.

Sasa twende Marekani, maana huko ndiko swali lako la mafuta linaponoga.

Miaka ya mwanzo ya 1930 reli za Marekani zilikuwa taabani. Uchumi ulianguka, watu walinunua magari, mabasi yakaongezeka, na kati ya 1920 na 1933 abiria wa reli walipungua kwa zaidi ya nusu. Kampuni mbili zikaamua kujenga treni mpya kabisa kwa wakati mmoja, zikishindana: Union Pacific na Burlington.

Union Pacific iliwahi. Februari 1934 ilipokea treni iliyoitwa M-10000, iliyojengwa na Pullman: mabehewa matatu ya aloi ya aluminiamu, rangi ya njano na kahawia, pua ya mviringo yenye matundu makubwa ya hewa, mkia uliochongoka. Mfano wake mdogo ulipimwa kwanza kwenye handaki la upepo la Chuo Kikuu cha Michigan. Treni nzima, na injini yake, ilikuwa na uzito wa karibu tani 77, na hiyo ilikuwa sawa na behewa moja tu la kulala la mtindo wa zamani wa Pullman. Ilizungushwa nchi nzima kabla ya kuanza kazi, na watu waliopanga foleni kuiona ndani wanahesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja.

Lakini M-10000 haikuwa ya dizeli. Waandishi wengi wanalikosea hili, na picha zake zinazunguka na maelezo yasiyo sahihi. Injini yake ilikuwa ya Winton, silinda 12, nguvu ya farasi 600, na ilitumia plagi na kabureta kama injini ya petroli. Mafuta yake yaliitwa distileti. Ni mafuta yanayotoka mtamboni yakiwa mazito kuliko mafuta ya taa tuliyozoea na mepesi kuliko dizeli, na yalipendwa kwa sababu mbili: yalikuwa ya bei rahisi kuliko petroli, na hayakuwa mepesi kushika moto. Kampuni ilitaka treni mapema, na injini ya dizeli ya ukubwa ilioutaka haikuwa tayari. Ikachukua iliyokuwepo.

Mimi kama fundi nakwambia kwa nini mafuta ya namna hiyo hayakudumu. Kabureta inafanya kazi vizuri na mafuta yanayogeuka mvuke upesi. Mafuta mazito yanaingia kwenye silinda mengine yakiwa bado matone. Matone hayo hayaungui yote. Yanaacha masizi kwenye plagi, na mengine yanateleza kwenye ukuta wa silinda, yanapita kwenye ringi na kudondokea kwenye oili. Oili ikichanganyika na mafuta inakuwa nyepesi. Ukiichomoa na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, unahisi maji maji badala ya utelezi, na pua inakuambia mara moja kuna mafuta humo. Injini yenye oili ya namna hiyo inakula beringi zake yenyewe. Dizeli haina plagi wala kabureta. Mafuta yanapulizwa kwa nozeli ndani ya hewa iliyokwisha kubanwa hadi ikawa moto wa kutosha kuyawasha.

Burlington walisubiri dizeli. Rais wa reli hiyo, Ralph Budd, alitembelea maonyesho makubwa ya Chicago ya 1933, ambako General Motors walikuwa wameweka injini mbili mpya za dizeli kuzalisha umeme wa banda lao la kuunda magari. Ilikuwa injini ya aina nyingine: ya mapigo mawili, yenye pampu ya kusukuma hewa safi kwenye silinda, na bloku iliyochomelewa badala ya kusubuliwa, ili iwe nyepesi. Ilitokana na kazi ya timu ya Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa General Motors, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 10 kwa kila nguvu ya farasi moja, wakati dizeli za zamani zilipita hapo mara kadhaa. Mchana wageni waliiona ikinguruma. Usiku, milango ikifungwa, mafundi waliingia kuitengeneza ili asubuhi iweze kuwaka tena. Mwanawe Kettering, Eugene, aliyekuwa mmoja wa mafundi hao, alisimulia baadaye kwamba kitu pekee kisichowasumbua katika injini ile kilikuwa kijiti cha kupimia oili. Budd aliijua hali hiyo, na bado akaiagiza. Ule ni ujasiri ninaouheshimu sana. Aliona kwamba ubovu wa injini ile ulikuwa wa uchanga, na kwamba msingi wake ni mzuri.

Mabehewa aliyatafuta Philadelphia, kwa mtengenezaji wa bodi za magari, Edward Budd. Majina yanafanana, lakini hawakuwa ndugu wa karibu. Edward Budd alikuwa na chuma kisichoshika kutu, stenlesi kama tunavyoiita, na alikuwa na siri ya kuiungia. Tatizo la stenlesi ni kwamba ukiichomelea kwa moto wa kawaida, joto linakaa muda mrefu, kromiamu iliyomo inaharibika pembeni ya kiungo, na hapo ndipo kutu inapoingilia. Mhandisi wake, Earl Ragsdale, alibuni kuchomelea kwa umeme mkali sana kwa muda mfupi mno, mabati mawili yakiwa yamebanwa, kisha umeme unakatwa kabla joto halijatambaa. Kiungo kinashika, kromiamu inabaki salama. Ile mikunjo ya mlalo unayoiona ubavuni mwa treni hiyo kwenye picha nayo ina kazi: bati jembamba likikunjwa linakuwa gumu, kwa hiyo unaweza kutumia bati jembamba zaidi na uzito ukashuka.

Treni ikakamilika Aprili 1934 na kupewa jina Zephyr. Mabehewa matatu, abiria 72, injini moja ya dizeli ya Winton, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, nguvu ya farasi 600. Mabehewa hayakuunganishwa kwa kulabu. Kila mawili yaliegemea juu ya bogi moja, yaani ile fremu ya magurudumu manne, iliyokaa chini ya maungio. Kwa mabehewa matatu unahitaji bogi nne badala ya sita. Fliegender Hamburger ilifanya vivyo hivyo. Bogi ni mzigo mzito, mjukuu wangu. Ukiondoa mbili umepunguza tani nyingi, na umepunguza pia magurudumu yanayokorofisha hewa chini.

Tarehe 26 Mei 1934, alfajiri, Zephyr iliondoka Denver kwenda Chicago bila kusimama. Siku iliyotangulia ilikutwa beringi moja ya mota imepasuka, na ya kubadilishia ikapatikana Omaha kwa Union Pacific, wapinzani wao wenyewe, waliokubali kuitoa. Ndani walipanda wakubwa wa reli, wahandisi, waandishi wa habari na punda mdogo aliyepewa jina Zeph. Njia nzima walinzi walisimama kwenye makutano ya reli na barabara. Katikati ya safari waya zikapiga shoti na kuunguza kebo ya kustatia, wakati injini imezimwa. Treni ikawa inaserereka yenyewe, mwendo unapungua, na safari nzima ilikuwa karibu kuharibika. Fundi mmoja akashika ncha mbili za kebo kwa mikono yake na kuziunganisha. Cheche zikamuunguza, injini ikawaka.

Wakafika Chicago jioni. Kilomita 1,633 kwa saa 13 na dakika 5, wastani wa karibu kilomita 125 kwa saa, na mwendo wa juu wa 181. Treni za kawaida za njia hiyo zilichukua zaidi ya saa 24. Dizeli iliyotumika ni kama lita 1,580, chini kidogo ya lita moja kwa kila kilomita, na bei yake haikufika dola 20. Ni kweli Denver iko nyanda za juu na Chicago iko chini zaidi, hivyo kwa jumla walikuwa wanateremka, na anayetaka kuwa mkweli lazima aseme hivyo. Lakini hata ukiitoa faida ya mteremko, hakuna aliyewahi kuona treni ikienda mbali kiasi kile kwa mafuta kidogo namna ile.

Kasoro yake nayo uijue. Treni iliyofungwa pamoja juu ya bogi za kushirikiana haitenganishwi stesheni. Behewa moja likiugua, zima linakwenda karakana. Abiria wakiongezeka huwezi kupachika behewa la nne jioni hiyo hiyo. Na abiria waliongezeka, kwa sababu watu walizipenda treni hizi. Ndiyo maana kufikia 1937 watengenezaji walikuwa wameshaanza kuuza vichwa vya dizeli vya kujitegemea, vyenye pua ya kuchongwa, vya kuvuta mabehewa mengi upendavyo. Mchongoko wetu umerudi kwenye seti iliyofungwa, mabehewa 8 kwa seti, na umeme wake unatoka kwenye waya wa juu, hivyo haubebi jenereta wala tangi la mafuta. Ule uzito uliokuwa ukiwasumbua akina Budd haumo.

SWALI: Mzee, hujambo? Marehemu babu yangu alikuwa fayamani, yaani mchochea moto, kwenye vichwa vikubwa vya mvuke vya Garratt, Mombasa hadi Nairobi. Nimeona picha ya kichwa cha mvuke cha Uingereza kilichofunikwa kama kabari, rangi ya buluu. Kumbe mvuke nao ulichongwa? Mbona vya kwetu havikufunikwa?
Msomaji, Voi

JIBU: Sijambo, ndugu yangu, na Mungu amrehemu babu yako. Kazi ya fayamani kwenye Garratt kupanda kutoka pwani ilikuwa kazi ya wanaume wa shoka.

Uliyoiona huenda ni Mallard au mmoja wa ndugu zake, darasa la A4, kazi ya Nigel Gresley, mhandisi wa reli wa Uingereza. Gresley aliipanda ile treni ya Berlin hadi Hamburg na ikamvutia sana. Wajerumani wakampigia hesabu ya treni ya dizeli kwa njia ya London hadi Newcastle, yenye milima na kona zake, na ikaonekana isingefika kwa saa 4. Akasema mvuke wake unaweza. Septemba 1935 akaanzisha treni ya saa 4, na katika safari ya majaribio kichwa cha Silver Link kikagonga kilomita 181 kwa saa, mwendo ule ule wa Zephyr. Umbo la kabari alilipata kwa kutazama behewa la injini la Bugatti la Ufaransa, na lilikuwa na kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: lilirusha moshi juu, usimzibe dereva macho. Tarehe 3 Julai 1938 Mallard, ikiendeshwa na Joseph Duddington, fayamani akiwa Thomas Bray, ilifika kilomita 203 kwa saa kwenye mteremko. Beringi ya fimbo ya silinda ya kati ikapata moto kupita kiasi, na kichwa kikaachwa njiani kabla ya kufika London. Hakuna kichwa cha mvuke kilichothibitishwa kuipita hadi leo.

Wamarekani wa kampuni ya reli ya Milwaukee Road nao, Mei 1935, walileta vichwa vya mvuke vilivyochongwa tangu mchoro wa kwanza, kwa ajili ya treni ya Hiawatha, Chicago hadi Minneapolis na St. Paul. Na hivi, kama vya babu yako, vilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Moto wa makaa unajaza majivu. Lazima usimame, usafishe wavu, upakie tena. Moto wa mafuta hauna majivu ya kusafisha, na treni yenye ratiba ya kilomita 660 kwa saa sita na nusu haina muda wa kupoteza.

Baada ya hapo ikawa fasheni. Reli nyingi zilichukua vichwa vya zamani na kuvivika mabati. Hapo mimi nasimama upande wa mafundi. Bati lile lilificha nipo za grisi, lilizuia mkono kufika kwenye valvu, lilitunza joto na uchafu mahali pasipotakiwa. Kwa treni iliyokwenda 90 halikuokoa kitu. Hata Waingereza, vita vilipoanza na mafundi wakawa wachache, waliziondoa zile sketi za pembeni kwenye A4 ili magurudumu na fimbo vifikike kwa urahisi.

Ndiyo sababu Garratt haikufunikwa. Darasa la 59, vichwa 34 vilivyojengwa Manchester 1955 na 1956, vilichoma mafuta mazito na kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwenye reli ya upana wa mita moja yenye kona nyingi. Shida yake ilikuwa mlima, upepo haukumhusu. Viwili viko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena, vyote vimepewa majina ya milima ya Tanzania. Nenda uone jinsi kila kiungo kilivyo wazi. Babu yako angeweza kufika penye kila nati.

SWALI: Assalamu alaykum. Niliona picha ya treni ya Ujerumani yenye panga la ndege mkiani. Ni kweli au picha ya kutengenezwa?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Ni ya kweli. Ilibuniwa na Franz Kruckenberg, na tarehe 21 Juni 1931 ilifika kilomita 230 kwa saa kwenye njia ya Hamburg hadi Berlin, kwa injini ya ndege ya BMW inayotumia petroli. Ilijengwa moja tu. Panga linalozunguka wazi halifai kupita karibu na watu stesheni, na treni inayosukumwa kwa panga la mkiani huwezi kuifungia mabehewa nyuma. Kurudi nyuma ilihitaji mota ndogo ya umeme. Ilivunjwa 1939.

Ettore Bugatti, Mwitaliano aliyekuwa na kiwanda Ufaransa, naye alitumia injini za petroli, nne kwa behewa, kila moja nguvu ya farasi 200, zilizobuniwa kwa ajili ya gari lake la Royale ambalo lilikuwa ghali mno na likakosa wanunuzi. Dereva alikaa kwenye kibanda juu ya paa, katikati ya behewa, akiona mbele na nyuma. Zilikuwa kasi na tulivu, na Wafaransa walizitumia miaka mingi. Lakini kwa matangi ya petroli chini ya miguu ya abiria, mimi nisingelala usingizi. Dizeli ilishinda kwa bei, na ilishinda pia kwa sababu haiwaki kwa cheche moja.

SWALI: Fundi, kuna hata moja ya treni hizo iliyobaki? Mwanangu yuko Marekani, nataka nimwambie akaione.
Mama wa watatu, Kigoma

JIBU: Ipo, dada yangu. Zephyr ilifanya kazi hadi 1960, na sasa iko Chicago, kwenye jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda. Mwambie mwanao atazame ubavu wake: stenlesi ile haikuhitaji rangi wakati ule wala leo. Asiitafute M-10000. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ilikatwakatwa ili aluminiamu yake ikatumike vitani.

Akivuka kwenda Ulaya, Mallard iko York, Uingereza. Behewa la Bugatti liko Mulhouse, Ufaransa. Na ya Fliegender Hamburger imebaki sehemu ya mbele tu, kwenye makumbusho ya reli ya Nuremberg.